Aliyenidhulumu ameokoka. Na deni langu je?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia usiku wa manane. Kikoba chao kililiwa na mweka hazina, na sasa mweka hazina huyo ameokoka, yuko kwaya, Jumapili anapewa kipaza sauti. "Dada, Mungu kamsamehe. Mimi bado namchukia. Nitaenda motoni?" Nilicheka, kisha usingizi ukaniruka, maana donda hilo hata mimi ninalo.

Mwaka 2017 nilimkabidhi mwenzangu wa biashara shilingi 4,600,000 akachukue mchele Kyela. Safari nne za kwanza mzigo ulifika, tukagawana sawa kwa sawa. Ya tano, simu ikawa haipatikani. Ya polisi nayaacha. Niliuza friji, nikahamia chumba kimoja, nikaanza upya na madebe mawili ya maharage. Leo nina duka, na nikijisifu kidogo mnivumilie, maana hakuna aliyenishika mkono.

Miaka sita baadaye, Jumapili asubuhi, namwona huyo bwana mbele ya kanisa. "Bwana asifiwe!" Akasema alikuwa mwizi na mlevi, Yesu amemfutia yote. Vigelegele! Mimi niko benchi la nyuma, naandika kwenye bahasha ya sadaka: 4,600,000, ongeza sehemu ya tano kama Hesabu 5:7 inavyoagiza, jumla 5,520,000. Ndiyo, nilipiga hesabu ibadani.

Sikungoja baraka. Nilivuka barabara nikasimama chini ya mwarobaini nimwone akitoka. Nilingoja nini, radi? Akatoka kwa miguu, kamshika mkono mtoto wa miaka mitatu hivi, viatu vya mtoto vimevaliwa kinyume, cha kulia kushoto. Nikaenda zangu.

Jioni nikafungua Yona. Habari ya samaki tunaijua tangu utotoni, ila sura ya 4 huhubiriwa mara chache. Yona alipotumwa Ninawi, mji wa Waashuru, hakukimbilia Tarshishi kwa woga. Anasema mwenyewe: alijua Mungu ni mwenye huruma, si mwepesi wa hasira, na angewasamehe Waashuru wale wakatili. Ninawi ilipotubu, yeye akajenga kibanda mashariki ya mji, akaketi aone yatakayoupata. Mtango ukamfunika kwa kivuli, buu likautafuna, akaomba kufa. Mungu akamuuliza: wewe unauhurumia mtango, mimi nisiihurumie Ninawi, yenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto, na mifugo mingi? Kitabu kinaishia hapo. Yona hajibu.

Mimi pia sikuwa na jibu.

Lakini ninyi mnaoshangilia rehema, msifunge Biblia mapema. Geuzeni kurasa chache mfike kwa nabii Nahumu. Mji ni uleule, na maneno "si mwepesi wa hasira" yapo, ila anaongeza kwamba Bwana hatamhesabia mwenye hatia kuwa hana hatia. Yote mawili yametoka kitabu cha Kutoka, sura ya 34, pale Mungu alipolitangaza jina lake mbele ya Musa. Yona alishika nusu, Nahumu akashika nusu. Ninawi ikaanguka mwaka 612 KK, na magofu yake yapo hadi leo ng'ambo ya mto kutoka mji wa kale wa Mosul, Iraq. Kwa hiyo ndugu uliyekula hela za watu, ushuhuda bila marejesho ni nusu ya kitabu. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuanza na kwaya. Alisimama mbele ya Yesu akasema atarudisha mara nne.

Nawe dada yangu uliyeniandikia, usijilazimishe kusema umesamehe kabla moyo haujafika. Omba hata kama unaomba kwa hasira, Yona aliomba hivyo akasikilizwa. Na chako kidai. Kudai si kuchukia. Dai kwa upole, kwa maandishi, usimwaibishe mbele ya watoto wake.

Mimi nilimtumia ujumbe mmoja tu: kiasi, tarehe, namba yangu. Ile sehemu ya tano niliifuta, nikairudisha, nikaifuta tena. Alikaa siku tisa, akatuma 50,000 bila neno lolote. Hadi sasa amefikisha 350,000. Mwezi uliopita hakutuma kitu, na juzi nimemwandikia tena.