Konyeza anapona haraka, mguu wa mama je?

SWALI: Jambo mhariri, niko Kadutu hapa Bukavu. Mama yangu iko na sukari, kidonda yake ya mguu inakataa kupona tangu mvua ianze. Sasa kijana wa jirani anayesoma biolojia anatuambia eti kuna maprofesa Marekani wanakwaruza konyeza wa baharini juu ya kusoma vidonda. Ni kweli? Na kama ni kweli, dawa yake iko wapi?

JIBU: Ni kweli, ila dawa haiko bado, na mtu akikuletea pomadi ya konyeza pale sokoni mfukuze.

Huyo konyeza ni Clytia, mdogo tu, wa sentimita 1 hivi, na mwili wake unapitisha mwanga. Profesa Jocelyn Malamy wa Chicago na wenzake waliandika habari zake mwaka 2017. Sasa kwa nini konyeza? Sisi tukijikata kuna damu, kuna uvimbe, ngozi yenyewe tabaka juu ya tabaka, huwezi kuona seli za ngozi zinafanya nini zenyewe. Yeye damu hana, na ngozi yake ya juu ni safu moja tu ya seli, basi unamuweka kwenye mikroskopu akiwa mzima unaona yote, kidonda kidogo kinafunga kwa dakika tu! Seli za ukingoni zinatanua vimiguu vyembamba zinatambaa mpaka zikutane, ao ukingo wote unajikaza kama mdomo wa mfuko wa kamba. Na njia hizo mbili ziko kwetu pia, sisi na konyeza ambao tuliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Si mchezo mpya huu. Mwaka 1882 kule Messina, Italia, mwanasayansi Mrusi Metchnikoff alichoma mtoto wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini wa umbo la nyota, kwa mwiba, akaona seli zinakusanyika kuuzunguka. Njo tukajua seli zinazokula vijidudu, na 1908 akapata tuzo ya Nobel.

Seli hizo hizo kwa mwenye sukari nyingi zinalegea, mishipa midogo ya damu nayo inaharibika, na mama anaweza asisikie maumivu hata kidonda kikizidi. Kwa hiyo mpeleke hopitali wapime sukari na wasafishe kidonda, asitembee peku, majani na poda za kupaka muache kwanza. Ukiona weusi, harufu mbaya ao homa, nendeni siku ile ile hata kama ni usiku.