Jeti za bandia kwenye migongano ya risasi: je, nikate chembe dhaifu?

Swali: Nachambua mwigo wa kompyuta wa migongano ya viini vya atomi za risasi (ile metali nzito), nikitafuta jeti, yaani mafungu ya chembe zinazozaliwa na kwaki au gluoni (vijenzi vya protoni na nyutroni) iliyotawanywa kwa nguvu. Natumia chembe zenye chaji tu na R = 0.4, yaani nusu-kipenyo cha jeti. Kwenye migongano ya protoni, anti-kT, algoriti ya kukusanya chembe kuwa jeti, ilinipa jeti safi, mbili au tatu kwa kila tukio. Kwenye risasi napata mafungu kwa makumi, na hata baada ya kuondoa mchango wa halaiki (umati wa chembe zisizotoka kwenye jeti) nabaki na jeti nyingi za GeV 20 hadi 30 (GeV ni kipimo cha nishati) ambazo siziamini. Je, nikate chembe zote zilizo chini ya GeV 2 kabla ya kuanza?

Jibu: Usizikate. Ukizikata, jedwali lako litapendeza na jibu litapotea. Lakini kwanza tuone jeti hizo za bandia zinatoka wapi.

Anti-kT, iliyochapishwa na Cacciari, Salam na Soyez mwaka 2008, huanza na chembe zenye momenta kubwa ya kukingama (inayokata mwelekeo wa miale inayogongana), kisha huzikusanya zile dhaifu zilizo jirani nazo hadi umbali R. Ndiyo maana jeti zake hutoka na umbo zuri la duara. Uwezo wa kukataa chembe haina. Kila chembe uliyoipa lazima iingie kwenye fungu fulani, iwe imezaliwa na kwaki iliyotawanywa kwa nguvu au imetoka tu kwenye maelfu ya chembe ambazo mgongano wa risasi humwaga. Kwa hiyo makumi ya mafungu si kosa la programu yako.

Halaiki yenyewe ni nzito. Katika data za mwaka 2010 za LHC, kiongeza-kasi cha CERN, kwa TeV 2.76 (GeV 2760) kwa kila jozi ya nukleoni (protoni au nyutroni), kundi la watafiti la ALICE lilipima kwamba kwenye migongano ya uso kwa uso chembe zenye chaji pekee huchangia karibu GeV 138 kwa kila kizio cha eneo kwenye ramani ya pembe zinakoelekea chembe. Duara la R = 0.4 lina eneo la takriban 0.5. Kila jeti, basi, hubebeshwa karibu GeV 70 zisizo zake. Nadhani hizo uliziondoa kwa njia iliyozoeleka: unapanga chembe kwa algoriti ya kT (ndugu ya anti-kT inayoanza na chembe dhaifu), unagawanya momenta ya kila fungu kwa eneo lake, unachukua thamani iliyo katikati. (Mafungu mawili makubwa kuliko yote yaache nje, yasije yakakupandishia kadirio.)

Ulichoondoa ni kiwango kimoja kwa tukio zima, ilhali halaiki haikutandazwa sawasawa. ALICE walipoweka maduara ya R = 0.4 mahali popote bila kuchagua, walikuta kiasi kilichobaki baada ya kuondoa kinayumba kwa karibu GeV 11 juu na chini. Sehemu ya myumbo huo ni bahati tu ya idadi ya chembe. Sehemu nyingine ni mtiririko, kwa kuwa chembe humiminika zaidi upande mmoja wa ramani kuliko mwingine. Tazama sasa jeti zako za GeV 20 hadi 30: ni mara mbili hadi tatu ya myumbo huo! Isitoshe, jeti za kweli hupungua haraka mno kadiri momenta inavyopanda. Ukiizidisha mara mbili, idadi hushuka makumi ya mara. Jeti dhaifu chache zilizopandishwa na mawimbi ya halaiki zinatosha kuzifunika zile chache halali zilizo juu yake.

Sasa kuhusu mkasi wako wa GeV 2. Kwaki au gluoni inapopenya plazima (supu moto ya kwaki na gluoni inayozaliwa kwenye mgongano) hupoteza nishati, na nishati hiyo haitoweki. Hutokea tena kama chembe dhaifu, nyingi zikiwa mbali na mhimili wa jeti. Kundi la STAR, kwenye kiongeza-kasi cha RHIC, Marekani, walionyesha hili vizuri sana mwaka 2017 kwa migongano ya dhahabu. Walichagua jozi za jeti kwa chembe za juu ya GeV 2 tu, na momenta za jeti mbili za kila jozi hazikuwiana kama kwenye protoni. Waliporudisha chembe hadi GeV 0.2 kwa R = 0.4, uwiano ukarejea. Ukianza kwa kukata, umetupa kile hasa ulichokuja kukipima.

Ningefanya hivi. Dai kila jeti iwe na angalau chembe moja ya juu ya GeV 5. Mafungu mengi ya bandia yatadondoka, na zile dhaifu zitabaki ndani ya jeti. Kisha acha kusahihisha jeti mojamoja, maana kwa jeti moja huwezi kujua mawimbi yaliipandisha au yaliishusha. Pandikiza jeti unazozijua ndani ya matukio ya risasi, andika jinsi kila momenta ya kweli inavyotawanyika, halafu ukunjue mgawanyo wote kwa pamoja, yaani uondoe mtawanyiko huo kwa hesabu, kwa njia ya Bayes ya kurudiarudia au ya SVD (njia ya kuchangua matriki). Usirudie mizunguko mingi, kwani kelele itaanza kujifanya fizikia.

Sharti la GeV 5 nalo lina upendeleo wake: linabagua jeti zilizolainika sana, ambazo nishati yake imegawanyika kwa chembe dhaifu. Lijaribu kwa GeV 3 na GeV 7. Pale matokeo yanapohama pamoja na sharti, usiyaripoti kama mgawanyo wa jeti zote. Anzia juu kidogo, mahali yanapotulia.