Mpasheni umefika kwenye paa, mbona hauzai?

SWALI: Habari za kazi bwana shamba. Nina mpasheni wa manjano hapa Kigamboni, una mwaka wa pili. Jirani alinikatia kipande cha shina nikakichomeka. Umefunika uzio wote na sasa unaingia kwenye paa. Maua yapo tele, lakini kesho yake nayakuta chini. Nimemwaga samadi ya kuku, wapi! Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Samadi acha kwanza. Mmea uliomeza uzio mzima hauna njaa. Ukizidisha naitrojeni, kile kirutubisho cha majani kilichomo kwenye samadi, utavuna majani. Shida yako ni chavua, ule unga wa njano wa ua.

Pasheni ya manjano, hii inayopenda joto la pwani, ua lake hukataa chavua ya mmea wake wenyewe. Hata nyuki ashinde hapo kutwa, halishiki. Linataka chavua ya mmea mwingine uliotokana na mbegu nyingine. Hapa ndipo wengi hukosea, wanarudi kwa jirani yuleyule kuomba kipande cha pili. Wako na wake ni mmea mmoja uliokatwa vipande. (Kama wake unazaa, ujue una mwenzake mahali.) Ile ya zambarau ya nyanda za juu hujichavusha yenyewe, ila joto la Dar hailipendi.

Kwa hiyo nunua pasheni za manjano mbili tatu kwa wauzaji tofauti, otesha mbegu, panda miche miwili kando ya huo wako, ukiacha nafasi ya mita tatu hivi. Itachukua karibu mwaka kutoa maua.

Wakati unasubiri, omba maua machache kwa mtu wa mtaa mwingine. Maua ya manjano hufunguka mchana, kuanzia saa sita hivi, na kufunga usiku. Tazama katikati ya ua: kuna vijiti vitatu vyenye vichwa kama vifungo. Mwanzo vimesimama wima, kisha huinama hadi karibu na vifuko vya chavua. Vikishainama, paka vichwa hivyo unga wa njano wa ua la mgeni, kwa kidole tu. Fanya siku kavu, maana chavua ikilowa mvua huharibika. Ua likishika, utaona kitunda kinavimba ndani ya siku chache.

Miche ikikua, kazi hiyo waachie wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Nyuki wadogo wa asali mara nyingi huiba chavua bila kugusa vichwa. Usipulizie dawa ya wadudu mchana, na gogo kavu lililo uani usiligeuze kuni, ndiyo nyumba ya hao weusi.

Matawi ya kwenye paa kata, yanaziba mifereji. Usiogope, pasheni huzaa kwenye machipukizi mapya. Lakini usinyoe mmea wote siku moja, na shina kuu usiliguse.