Maji ya Mtambo na Maji ya Mfongo

Swali la wiki liliuliza wananchi wa miji midogo washirikishwe vipi katika kupanga nishati jadidifu, na mhariri akatoa mfano wa kisiwa cha Samsø nchini Denmark, ambacho mwaka 1997 kiliteuliwa na serikali kiwe kisiwa cha kujitegemea kwa nishati hiyo, na ambako wakazi wenyewe walinunua hisa katika mitambo ya upepo. Mfano ni mzuri, ila wakulima wa Samsø walikuwa na benki za kuwakopesha na umeme tayari majumbani. Sisi wa huku Moshi vijijini tunaanzia kwingine.

Jibu langu ni kwamba wananchi washirikishwe kabla eneo la mtambo halijachaguliwa, na waulizwe yale wanayoyajua kumshinda mhandisi. Mikutano mingi ya aina hii ni ya kutaarifiwa tu: mchoro umeshakamilika, mtaalamu anaeleza, watu wanauliza nguzo zitafika lini, mahudhurio yanasainiwa, na kesho yake muhtasari unaandika kwamba wananchi wameridhia.

Tuanze na mtambo mdogo wa maji, ambao kwa mito yetu inayoporomoka kutoka mlimani ndio unaovutia zaidi. Lita 100 za maji kwa sekunde, zikishuka mita 50, zinaweza kutoa takriban kilowati 35, umeme wa kuendesha mashine za kusaga na kuwasha taa za nyumba nyingi. Mtaalamu atasema maji hayapotei kwa sababu yanarudi mtoni yakishatoka kwenye mtambo, na atakuwa amesema kweli. Lakini kati ya banio, yaani ukuta unaochepusha maji ya mtambo, na nyumba ya mtambo, mto hubaki na maji machache, na kama ni hapo hasa ambapo mifongo (mifereji yetu ya asili ya kumwagilia) miwili mitatu inachepusha maji ya migomba na kahawa, mradi umeanza na ugomvi. Hali huwa mbaya zaidi Januari na Februari, vuli ikiwa imekwisha na masika hayajaanza, mto unapopungua na kila mwenye shamba anauhitaji. Zamu za maji ya mfongo, nani afungue alfajiri na nani jioni, hazimo katika ramani ya mradi. Zimo vichwani mwa wazee na kamati za mifereji, ambao desturi yao ya kugawana maji ni ya kale kuliko ofisi yoyote ya serikali. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao hapa Moshi. Ningependa maji yapimwe pia Februari, viongozi wa mifongo wakiwa wamesimama hapo hapo mtoni, na usanifu ufuate kipimo hicho.

Sola haina ugomvi wa maji, ila ina ugomvi wa saa. Jua ni kali adhuhuri, ilhali nyumba nyingi huwasha taa na televisheni kuanzia saa moja jioni, kwa hiyo umeme wa usiku hauna budi kupitia kwenye betri, ambazo ni ghali na huchakaa. Mafundi wa kuchomelea, wenye saluni, wasagishaji na wenye majokofu ya maziwa ndio watumiaji wa mchana wanaoweza kuufanya mtambo ujilipe, na hao ndio wasiofika mkutanoni, hasa ukiitishwa siku ya gulio. (Huitishwa siku hiyo, nadhani, kwa sababu mji unaonekana umejaa watu.) Afadhali mpangaji awafuate dukani na karakanani.

Mji mdogo una ugumu wake wa ziada. Kijijini upo Mkutano Mkuu wa Kijiji, wa kila mkazi mtu mzima, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini yake. Mji mdogo huendeshwa na baraza lenye wenyeviti wa vitongoji, na jambo kubwa linaweza kupita humo mkazi wa kawaida asisikie. Kwa hiyo kila kitongoji kikutane kwanza, ndipo mwenyekiti wake aende barazani na msimamo ulioandikwa.

Kuhusu umiliki, hatuna haja ya kwenda Denmark. Mawengi, wilayani Ludewa, wananchi wanao mtambo wa maji wa kilowati 300 ulio chini ya jumuiya ya watumiaji wenyewe, LUMAMA. Sisemi kila mji uige hivyo. Pale gridi ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, ilipokwisha kufika, huenda ikafaa zaidi kuiuzia TANESCO umeme huo. Lakini mkataba usomwe mkutanoni kwa Kiswahili kabla haujasainiwa, pamoja na kifungu kinachosema nani atalipa turbini ikiharibika.