Jibu: Domeni ya duka isajiliwe kwa jina la nani?

Dada, umeuliza kama kuna ubaya fundi wa tovuti kusajili domeni ya duka lako la viungo hapo Chake Chake, Pemba, kwa jina lake mwenyewe. Ubaya upo, tena mkubwa. Usikubali.

Domeni na hostingi ni vitu viwili. Domeni ni anwani, kama hizo zinazoishia na .co.tz. Hostingi ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayokaa mtandaoni muda wote, ambako picha na maandishi yako yanakaa. Mkikosana na fundi, hostingi unaweza kuihamishia kwingine. Domeni ikiwa yake, umekwama: anwani ushaichapisha kwenye pakiti za mdalasini, na oda za wageni zinaingia kwa barua pepe ya domeni hiyo hiyo.

Majina ya .tz unanunua kwa wasajili walioidhinishwa, yaani kampuni zenye ruhusa ya kuyauza. Mwambie fundi afungue akaunti mbele yako, mahali pa mmiliki pawe jina lako na barua pepe unayoifungua mwenyewe, maana taarifa za kulipia upya kila mwaka zinakwenda huko. Neno la siri ubaki nalo.

Kuhusu ile bei aliyokutajia ya cheti cha https, kile kinacholinda taarifa kati ya mteja na tovuti, muulize kwanza kwa nini asitumie Let's Encrypt, huduma inayotoa vyeti hivyo. Ni bure; cheti chake ni cha muda mfupi, ila kampuni nyingi za hostingi hukihuisha zenyewe.

Picha za simu azipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha kwenye tovuti. Mteja mwenye bando dogo hasubiri picha ya MB 5 ifunguke.