Maswali ya Wasomaji: Shimo jeusi la mbali wanalipimaje uzito?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Katonga, Kigoma. Usiku tukishawasha taa tunasubiri dagaa wajikusanye, huwa nasoma mambo ya anga kwenye simu. Juzi nimekuta kwamba kuna shimo jeusi lina uzito wa majua bilioni 10 na mwanga wake umesafiri karibu miaka bilioni 13 mpaka kutufikia. Nikawasomea wenzangu mtumbwini, wakaniuliza nani kaenda huko na mzani? Nikakosa jibu. Naomba unieleze wanapimaje, na usinipe jibu la juujuu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na wenzako wape salamu zangu kwa sababu swali lao ni la haki kabisa, mtu akikutajia uzito aseme na mzani kautoa wapi.

Tuanze na Jua letu hili. Hakuna aliyelipandisha kwenye mzani lakini uzito wake tunaujua vizuri sana, maana tunajua vitu viwili: Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua, na inalizunguka kwa spidi ya kilomita 30 kila sekunde. Dunia ingeshachomoka ikaenda zake kama isingekuwa imeshikwa na mvutano, kwahiyo ukijua inakimbia kiasi gani na iko umbali gani unajua pia kile cha katikati kinavuta kwa nguvu gani, na hiyo nguvu ndo inakupa uzito. Hesabu yake ni spidi zidisha kwa spidi yenyewe, alafu zidisha kwa umbali; ukivipima hivyo viwili kwa kulinganisha na vya Dunia, jibu linatoka kwa idadi ya majua. Shimo jeusi linapimwa hivyohivyo. Kazi yote iko kwenye kuzipata hizo namba mbili, na hapo ndo watu wamekesha miaka na miaka.

Hilo ulilosoma liko ndani ya kwasa, yaani kitovu kinachong'aa mno cha galaksi (kundi kubwa la nyota) iliyo mbali. Shimo lenyewe halionekani, maana mvutano wake hauachii hata mwanga utoke, ila gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa inasuguana na kupata moto mpaka inang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Nje kidogo ya hilo duara la moto kuna mawingu ya gesi yanazunguka kwa kasi kubwa, na hayo mawingu ndo yanachukua nafasi ya Dunia kwenye hesabu yetu.

Spidi yake inapatikana hivi. Umesimama barabara ya Ujiji, bodaboda inakuja mbio, mlio wake ni mwembamba, ikishakupita mlio unakuwa mzito ingawa dereva hajagusa kitu. Mwanga nao uko hivyo. Gesi ya haidrojeni inatoa rangi zake maalumu zinazojulikana kabisa, ambazo kwenye mwanga uliotawanywa zinaonekana kama mistari myembamba, wingu likiwa linatujia rangi inasogea upande wa bluu, likiwa linatukimbia inasogea upande wa nyekundu. Sasa kwasa ina mawingu yanayokuja na yanayokwenda yote kwa pamoja, kwahiyo ule mstari mwembamba wa rangi unaonekana umetanuka, na kadiri ulivyotanuka ndivyo mawingu yanavyokimbia. Inatoka kilomita elfu kadhaa kwa sekunde.

Umbali ndo mgumu, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo penye uzuri wenyewe. Naamini ulishapita na boti karibu na vilima vya kule Gombe ukaita kwa nguvu, sauti inaenda inagonga mlima inarudi, na ukihesabu sekunde ngapi zimepita unaujua umbali wa mlima bila kuufikia. Mwaka 1982 wanasayansi Roger Blandford na Christopher McKee walieleza namna ya kufanya hivyo kwa mwanga. Lile duara la moto karibu na shimo halitulii, linang'aa zaidi leo, kesho kutwa linafifia. Ule mwako unasafiri mpaka kwenye mawingu, na mawingu nayo yanang'aa, ila kwa kuchelewa. Huko kuchelewa ndo mwangwi wenyewe. Mwaka 1989 kundi la wanajimu liliifuatilia galaksi inayoitwa NGC 5548 miezi mfululizo, wakakuta mawingu yanaitikia baada ya siku 20 hivi, maana yake yako mbali na katikati kwa mwendo wa mwanga wa siku 20.

Sasa tufanye hesabu ya kweli, waonyeshe na wenzako. Kuna kwasa inaitwa 3C 273, ndo ya kwanza kutambuliwa, Maarten Schmidt aliielewa mwaka 1963 alipogundua kwamba ile mistari ya ajabu iliyokuwa inawasumbua watu ni haidrojeni tu iliyosogezwa upande wa nyekundu kwa asilimia 16. Mawingu yake yako mbali na katikati kama mwendo wa mwanga wa siku 145, hiyo ni kama mara 25,000 ya umbali wa Dunia na Jua. Spidi tuchukue kilomita 3,000 kwa sekunde, yaani mara 100 ya spidi ya Dunia. 100 mara 100 ni 10,000, zidisha kwa 25,000 unapata milioni 250. Hayo ni majua milioni 250! Mwaka 2018 wanajimu waliunganisha darubini nne kubwa za Paranal huko Chile zikafanya kazi kama darubini moja, wakaona upande wa gesi inayokuja na upande wa gesi inayokwenda umeachana kidogo sana, kama upana wa sarafu iliyowekwa juu ya Mwezi, nao wakapata majua kama milioni 260. Njia tofauti kabisa na ya mwangwi, na jibu limetoka la aina ileile. Mimi nilipoisoma hiyo nilifurahi kama mtu aliyepokea mshahara.

Lakini hilo lako la majua bilioni 10 liko mbali mno kusubiri mwangwi. Kwasa kubwa namna hiyo mawingu yake yako mbali sana na katikati, mwangwi ungechukua miaka, na kwa sababu ulimwengu unatanuka, kwetu huku miaka hiyo inarefuka tena mara kadhaa. Kwahiyo wanatumia njia ya mkato. Fikiria wale wanaobanika migebuka pale Kibirizi, moto ukiwa mdogo unakaa karibu, ukiongezwa kuni unarudi nyuma mpaka joto linakutosha. Mawingu ya kwasa nayo yanang'aa vizuri pale tu ambapo mwanga unayafikia kwa kiasi fulani. Zile kwasa za karibu zilizopimwa kwa mwangwi zimeonyesha kwamba mwanga ukiwa mara 100 umbali unakuwa kama mara 10. Basi ukijua kwasa ina mwanga kiasi gani unakisia mawingu yako wapi bila kusubiri.

Ila kuna mtego ambao wewe mvuvi unaujua kuliko mimi: taa hafifu iliyo karibu na taa kali iliyo mbali zinafanana kabisa ukiziangalia usiku ziwani. Ndo maana lazima kwanza wapime mistari imesogea kiasi gani upande wa nyekundu, maana kadiri kwasa ilivyo mbali ndivyo kutanuka kwa ulimwengu kunavyoisogeza zaidi, wapate umbali wa kwasa yenyewe kutoka kwetu, alafu ndo waseme mwanga wake halisi ni kiasi gani.

Nadhani unaizungumzia kwasa inayoitwa J0100+2802. Ilitangazwa mwaka 2015 ikiwa na majua kama bilioni 12, kwa kutumia mstari wa magnesiamu, maana ule wa haidrojeni ulikuwa umesogea mpaka darubini za ardhini haziupati. Baadaye darubini ya James Webb iliyoko angani ikauona ule wa haidrojeni na uzito ukatoka kama bilioni 10. Waambie wenzako ukweli wote, kwenye njia hii ya mkato jibu linaweza kupishana na uhalisia mara mbili au hata tatu. Mwaka 2024 zile darubini za Paranal zilipima moja kwa moja kwasa ambayo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 11, wakapata majua milioni 320. Kipimo kimoja cha namna hiyo kwa umbali huo mimi nakiheshimu kuliko makadirio elfu.

SWALI (msomaji, Tabora mjini): Shimo la katikati ya galaksi yetu nasikia walilipima kwa kufuata nyota. Kwanini kwasa wasifanye hivyo?

JIBU: Ndugu yangu, ni umbali tu. La kwetu liko miaka nuru 27,000 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja) na nyota moja moja zinaonekana, ile inayoitwa S2 inalizunguka kwa miaka 16 na watu wameifuata mzunguko mzima, wakapata majua milioni 4 na kitu. Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipata Nobeli mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Kwenye kwasa huwezi kutenganisha nyota hata moja, zote zimemezwa na mng'ao wa gesi.

SWALI (yuleyule wa Katonga): Na mimi naweza kuiona kwasa kwa macho yangu nikiwa hapa?

JIBU: Kwa macho matupu hapana, ila 3C 273 inaonekana kwa darubini yenye kioo cha sentimita 20 kama giza ni zuri, inakuwa kidoti cha kawaida kwenye kundi la nyota la Mashuke. Katikati mpaka mwishoni mwa mwezi wa tano usiku wa saa tatu saa nne inapita karibu na utosi hapo Kigoma. Chagua usiku usio na mbalamwezi, ndo usiku mnaoutaka nyinyi wavuvi, ila siku hiyo ubaki nchi kavu, mtumbwi unayumba, na ujifiche nyuma ya kilima taa za ziwani zisikupige machoni. Mwanga utakaouona ulianza safari kama miaka bilioni mbili iliyopita.