Maswali Yenu: Hilo Neno "Tu" Lifute

*Hujambo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Nasomea biashara ya kilimo. Nimetuma maombi ya kazi 14, na sasa ndio mara ya kwanza kuitwa kwenye mahojiano, katika kampuni ya vyakula vya mifugo mjini Nakuru, Alhamisi ijayo. Sijawahi kuajiriwa. Nilifanya atachimenti (mafunzo ya kazini) ya wiki nane kwenye ushirika wa maziwa, ambako kazi yangu ilikuwa kuandika lita tu. Wenzangu bwenini wamenipa kurasa sita za maswali na majibu nikariri. Nikiulizwa kuhusu tajriba nitasema nini? Tena Kiingereza hunipotea nikishikwa na woga.*

*Mwenye Wasiwasi, Njoro*

Mwanangu, kurasa hizo sita warudishie wenyewe, uwashukuru. Nilikaa upande wa pili wa meza hiyo miaka 17, katika ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda kimoja hapa Nakuru, na majibu ya kukariri tulikuwa tukiyatambua kabla msemaji hajavuta pumzi ya pili. Ikifika saa tano asubuhi tumeshawasikia vijana wanane, na wote wanane ni wachapakazi, wote wanapenda kushirikiana na wenzao. Kalamu zinalala mezani kwa sababu hakuna cha kuandika. Nilikuwa nikiumia, maana nilijua baadhi yao walikuwa na mambo mazito ya kusema wakayaacha nje ya mlango.

Siku moja akaingia wa tisa, akaulizwa tatizo gani amewahi kutatua. Akasema mamake huleta mayai sokoni kutoka Rongai, na kwenye kila trei ya mayai 30 walikuwa wakipoteza matatu au manne njiani. Alisafiri na mzigo mara mbili ili ajionee. Akagundua yanayovunjika ni ya trei za chini na za kando, zile zinazogusana na chuma cha gari. Akatandika majani makavu ya ngano chini na pembeni, hasara ikashuka hadi yai moja kwa trei, siku nyingine hata hilo moja halikuvunjika. Alieleza kwa dakika mbili hivi, mikono yake ikipanga trei hewani. Sote watatu tulikuwa tunaandika. Kazi aliipata.

Sasa turudi kwenye barua yako. "Kuandika lita tu." Hilo neno "tu" lifute kabisa, kwa sababu mwandika lita ndiye anayesimama kati ya mkulima na malipo yake. Ulifika pale saa ngapi alfajiri? Ulihudumia wakulima wangapi kabla ya gari kuondoka? Unajua kwamba maziwa yasiyoongezwa kitu husoma kati ya 28 na 32 hivi kwenye laktomita, kile kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, na yakitiwa maji kipimo hushuka. Siku kipimo kiliposhuka, nani alimwambia mzee wa watu, foleni nzima ikisikia, kwamba maziwa yake hayapokelewi? Kama ni wewe, ulitumia maneno gani? Na jumla ya daftari ilipokataa kulingana na lita zilizomo tangini, mlianzia wapi kutafuta kosa?

Keti leo usiku uandike visa vitatu vya namna hiyo. Andika mambo yalivyokuwa, ulichofanya wewe mwenyewe, na yaliyofuata. Useme "nilifanya" pale ulipofanya, na "tulifanya" pale mlipokuwa wengi. Wenye kuhoji watakuuliza kazi yako hasa ilikuwa ipi. Kisha mweke mwenzako mmoja mbele yako umsimulie kwa sauti, kwa Kiingereza cha sentensi fupi, mara tano. Kila mara maneno yatatoka tofauti kidogo, na ndivyo ninavyotaka. Aliyekariri akisahau neno moja amekwama, lakini aliyeyaona mambo kwa macho yake atatafuta neno jingine aendelee. Swali lisipoeleweka, omba warudie. Hakuna aliyewahi kunyimwa alama kwenye meza yangu kwa kuomba hivyo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifanyi: wale wakulima uliowaandikia lita ndio wanunuzi wa kampuni inayokuita. Ingia agroveti mbili tatu, yale maduka ya pembejeo na dawa za mifugo, pale Njoro mjini. Angalia gunia la kilo 70 la chakula cha ng'ombe wa maziwa linauzwaje, na la kampuni hiyo liko bei gani ukilinganisha na mengine. Muulize muuzaji wakulima wanalalamikia nini. Ukiingia chumbani Alhamisi na hayo kichwani, utakuwa na maswali yako ya kuwauliza wao watakapokupa nafasi mwishoni.

Mengine ni madogo: wadhamini wako wajulishe kwamba huenda wakapigiwa simu, shati lipigwe pasi usiku kwa sababu umeme una mambo yake asubuhi, na Jumatano upande matatu hadi Nakuru ujue lango lenyewe liko wapi.

*Mama, tangazo la kazi linadai cheti cha tabia njema cha polisi, cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na cha KRA (mamlaka ya kodi) hata kabla sijaitwa. Pesa sina. Nifanyeje?*

*Mhitimu, Bahati*

Pole mwanangu, nimelisikia kutoka kwa wengi. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri hatakiwi kukudai vyeti vya aina hiyo ila awe anakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Bado matangazo mengine yanadai, na sitakudanganya kwamba kumtajia mtu sheria kutakufungulia mlango. Mimi ningetuma maombi na barua, niseme wazi kwamba vyeti nitaviwasilisha nikipewa kazi.

PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, ichukue sasa, ni bure mtandaoni. Pesa za kwanza utakazopata zipeleke kwenye cheti cha tabia njema, shilingi 1,050 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu uende Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole. Nenda mapema asubuhi, na ubebe kitambulisho chenyewe pamoja na nakala yake.